Saa Tisa na Nusu, Jumamosi

Nyeri,
Jumatano, 21 Novemba 1956

Kwa ndugu yangu Gatimu,

Salamu zangu zikukute umeketi mahali pakavu, maana nasikia mvua za mwezi huu zimeingia katika mstari wenu wa nyumba mpaka chini ya vitanda. Goti lako je? Na mama Kingori, kile kikohozi cha Agosti kimemwachia? Mimi mwili wangu ni mzima. Macho ndiyo yamepungua, na si ajabu kwa mtu anayeshinda mwaka wa tatu sasa akisoma maandishi ya wenzake. Mke wangu Mbula anawasalimu nyote. Anasema amewawekea mbegu za kunde, lakini hajui kama walinzi wa lango watawaruhusu mzipande nje ya handaki la kijiji.

Barua hii haipiti posta. Anaileta Monicah wa zahanati, anayekuja kwenu kila Alhamisi na maziwa ya watoto. Ndiyo sababu nimeweza kuandika kwa urefu. Ukimaliza kuisoma, ifanye utakavyo.

Kwa kinywa cha Monicah umeniuliza jambo moja: kwa nini wenzake wanane wa mwanao Kingori walitoka kambi ya kizuizini mwezi wa Septemba, naye akabaki. Umeuliza mara tatu. Mara mbili nilijibu kwamba nafuatilia, na ni kweli nilikuwa nafuatilia. Leo nakujibu. Unanijua, siwezi kulieleza jambo kuanzia katikati, kwa hiyo univumilie.

Jina la Kingori lilikuwa katika orodha ya kutoka. Nimeliona kwa macho yangu, la tano kutoka juu. Mwanzoni mwa Septemba karatasi moja ikatiwa katika faili yake, na orodha ilipopigwa taipu upya jina halikuwamo. Karatasi hiyo ni barua ya mkewe, Ngendo. Ofisini waliitafsiri hivi:

"Jumamosi saa tisa na nusu tuko pamoja. Usikose. Baba yuko tayari hapa Mukurweini, dada Waithira yuko tayari Nanyuki, na mzee wa ngozi yuko tayari Nyeri. Hata ukiwa kazini, simama dakika moja tu, inatosha."

Sasa isome tena, Gatimu, kama mtu asiyewajua. Siku ipo, saa ipo, miji mitatu ipo, na katika kila mji kuna mtu aliye tayari. Sisi wasomaji wa barua za kambini tuna sheria iliyobandikwa ukutani: barua yoyote yenye siku, saa na mahali ipigwe mstari mwekundu na ipelekwe juu. Hata wewe nimekukasirikia. Ulikuwa karani wa ghala miaka kumi na mmoja, unajua jinsi karatasi inavyosomwa na mtu mgeni. Hukuweza kumwambia mkaza mwanao aongeze neno moja tu, "sala"? Halafu najijibu mwenyewe kwamba siku hizi neno hilo nalo linaulizwa maswali. Sala ya nani, wakielekea wapi, nani anaongoza.

Saa ile ilitoka wapi, wewe unajua kuliko mimi. Ilitoka barazani kwa Bwana Zalman, yule Myahudi mnunuzi wa ngozi, pale tulipokuwa tukinywa chai sisi watatu huku ngozi zikikauka kwenye fremu zake. Lakini nimelazimika kuieleza mara nyingi mno mwezi huu, kwa watu wasiotaka kuelewa. Acha niieleze mara moja kwa mtu anayetaka.

Nilianza kwa afisa anayeshika mafaili. Nilimwambia kwamba Wayahudi hawasali wakati wowote tu, na kwamba kwao siku nzima ina milango. Sala ya asubuhi ina mwisho wake, na ya alasiri ina mwanzo wake. Nilimweleza jinsi vitabu vyao vinavyohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, sawasawa na sisi. Huko kwao Ulaya saa hizo hurefuka na kufupika kwa majira, hata Bwana Zalman alipokuwa kijana alihitaji kalenda. Alipofika hapa, karibu na mstari wa ikweta, aliona saa tatu ya kitabu ndiyo saa tatu ya Nyeri, mwaka mzima. Unakumbuka alivyofurahi kutuambia hilo, kana kwamba nchi hii ilikatwa kwa kipimo cha kitabu chake.

Nikamweleza afisa kwamba saa tisa na nusu ndipo mlango wa alasiri unapofunguka vizuri, na kwamba alasiri ya Jumamosi, siku yao ya kupumzika, Wayahudi huihesabu kuwa wakati unaompendeza Mungu, wakati wa kibali. Na kuna kibali kingine: pale watu wengi wanaposali pamoja. Kwao wengi maana yake ni wanaume kumi. Nyeri nzima wapo watatu. Kwa hiyo Bwana Zalman huiangalia saa yake na kusali peke yake wakati uleule ambao wenzake wa Nairobi wanasali, ili sala yake ipite mlangoni pamoja na zao. Nikasema kwamba wewe, karani wake, ulilipenda jambo hilo. Hamruhusiwi kukusanyika bila kibali cha serikali, lakini hakuna tangazo linalomkataza mtu kusimama mahali pake na kumwomba Mungu saa ambayo mkewe anaomba.

Nilisema yote hayo kwa mpango, nadhani kwa muda wa dakika ishirini. Afisa akaniuliza kama nataka aandike kwenye faili kwamba Wakikuyu wa Mukurweini wamekuwa Wayahudi. Nikasema hapana, wewe ni mzee wa kanisa, ulichukua saa tu. Akaniuliza mtu anachukuaje saa. Nikaanza kueleza tena, naye akasimama kwenda kula.

Dishon, yule kijana wa Maragoli anayekaa meza ya pili kutoka kwangu, alisikia. Tangu siku hiyo kila saa tisa na nusu ananiita, "Mzee Mbuvi, mlango umefunguka, ingia kabla ya Wakamba wengine." Ofisi nzima hucheka. Nacheka nao, nifanye nini.

Niliandika ombi, likarudishwa kwa sababu halikupitia kwa chifu. Nikalipitisha kwa chifu, likarudi kwa sababu limekaa muda mrefu kwa chifu. Mwisho nikapata jibu kwamba kamati ya uchunguzi itamsikiliza shahidi mmoja, Mzungu, kwa muda mfupi. Nilifurahi, Gatimu. Nilikwenda mbio mpaka ghalani kumwambia Bwana Zalman. Alikubali kabla sijamaliza. Kisha nikamwonyesha tarehe. Kamati ilikuwa ikikaa Jumamosi, tarehe tatu, saa nne asubuhi.

Alisema atakuja. Alikuja kwa miguu, ingawa njia imejaa matope na ana gari, maana Jumamosi hapandi gari. Alisimama mbele ya wale wanne wa kamati akasema kila kitu, vizuri kuliko nilivyosema mimi, kwamba ni yeye aliyewafundisha saa hiyo, na kwamba mzee wa ngozi ni yeye. Mwenyekiti alimsikiliza. Nilimwona anamsikiliza. Karani akaandika maelezo yake, wakamsogezea karatasi na kalamu aweke sahihi.

"Mimi nasema yote," Bwana Zalman akawaambia. "Lakini leo mimi hapana andika."

Mwenyekiti alidhani anatania. Bwana Zalman akamweleza kwamba kuandika ni kazi, na siku ile hafanyi kazi. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni jina tu, herufi chache, na kwamba Kingori alimbeba mgongoni mwaka ule wa gharika. Akaniangalia, macho yamemlowa, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Kama mimi hapana andika, huyu kijana atakufa leo?"

Mwenyekiti akajibu kwamba hakuna aliyesema habari za kufa.

"Angekufa, ningeandika hata kwa damu, na Mungu angefurahi. Hafi leo. Basi kesho."

Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na ofisi inafungwa ili wenye ofisi wakasali. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya mfagiaji, akaandika jina lake kubwa kama la bango. Kamati ilikuwa imekwisha kuondoka alfajiri kwenda Nanyuki. Nilikaa kwenye ngazi. Watu wa Mungu kila upande, Gatimu, kila mmoja na siku yake na saa yake, na kijana yuko kambini anavunja kokoto.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Ushahidi uliotiwa sahihi baada ya kikao utasomwa baada ya miezi sita. Isipokuwa, waliandika chini, aliyeipiga barua ile mstari mwekundu atoe maelezo ya kuuondoa.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo, na nimezunguka kama mtu asiyetaka kufika kwake.

Mstari ule niliupiga mimi.

Usiniwekee udhuru kwamba barua huja kwa namba na sikujua ni ya nani. Ngendo alitia jina lake chini. Niliposoma "mzee wa ngozi" niliiona baraza na chai. Nilijua saa tisa na nusu ni saa gani, kwa sababu nilikuwepo ilipoelezwa, na hata niliuliza swali. Nilijua, na nikachukua kalamu nyekundu.

Sababu ni ndogo, na nakupa kwa udogo wake. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepitisha barua moja ambayo baadaye ilionekana ina habari za msituni. Mkubwa wetu alinisimamisha mbele ya wenzangu, mimi niliyefundisha shule kabla yeye hajazaliwa, akaniambia nikikosea tena nitarudi Kitui bila pensheni. Ilipokuja ya Ngendo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilijiambia kwamba wa juu wataona ni sala tu, wataufuta mstari wenyewe. Hawakuufuta. Kila mmoja aliona mstari na sahihi yangu, akaongeza ya kwake.

Miezi miwili nimekimbia kila mlango, nikimtafuta mtu wa kuufuta mstari bila mimi kutajwa. Nimemtembeza Bwana Zalman katika matope siku yake ya kupumzika kwa ajili hiyo. Nilimkasirikia kwa sahihi yake, kumbe ni yangu iliyokuwa ikihitajika.

Juzi Jumatatu nilikwenda. Afisa alinihurumia. Alinishauri niandike kwamba nilikosea, sikuelewa maneno, na mambo yataishia hapo. Nitabaki na kiti changu. Nikamwuliza karatasi itafanywaje. Akasema itabaki katika faili na sahihisho langu pembeni, kamati ijayo ipime. Nikamwuliza, je, nikiandika kwamba nilielewa vizuri, na nikapiga mstari ingawa nilijua maneno hayana ubaya? Akasema hapo mstari ni wa uongo, na karatasi hutolewa.

Nikaandika hivyo. Nilitia sahihi mbele yake na mbele ya Dishon, ambaye siku hiyo hakucheka.

Karatasi imetolewa. Nimeiona inatolewa. Kingori atasikilizwa upya tarehe tatu Desemba, Jumatatu. Siwezi kukuahidi kwamba atatoka, maana nimeona mengi katika ofisi ile, lakini hatasikilizwa na kitu hicho mbele yake. Mimi nimeambiwa nihame nyumba ya serikali kabla ya mwisho wa mwezi. Mbula anafunga vyombo.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ukitaka kunijibu, nipo hapa mpaka tarehe thelathini. Usipotaka, nitaelewa.

Lakini nina ombi moja, na si langu. Monicah ameniambia kwamba tangu Septemba Ngendo hajashika kalamu. Zamu yake ya kuandika ikifika humwachia mama Kingori karatasi, anasema mkono wake ndio uliomfunga mumewe. Mwite leo, usingoje kesho. Mwambie barua yake haikuwa na kosa hata moja. Mwambie aliyekosa ni msomaji, na akiuliza ni msomaji gani, mtajie. Kisha mpe karatasi na wino, aandike. Kiti changu sasa amekikalia Dishon, nami nimekwisha kumweleza kila kitu, taratibu, tangu mwanzo.

Nisalimie mama Kingori, na Waithira akija kutoka Nanyuki, na wale wazee wa mstari wenu wanaonikumbuka. Mungu awalinde na mvua hii.

Ni mimi,
Mbuvi