Yule Aliyejibu Maswali Yote

Jengo la 12, Mlango B, Ghorofa ya 4,
Ruse, Bulgaria.
Novemba 9, 2023.

Mpendwa mdogo wangu Ognyan,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu Iskra na mwanangu Asen. Mgongo unaendeleaje? Nasikia umeongezewa safari, na mimi sipendi kukufikiria ukiwa kwenye usukani siku tatu mfululizo na mgongo ule ule. Ule mkanda niliokutumia uvae, usiutundike ukutani.

Mimi sijambo. Presha imetulia, ingawa kuna wiki moja ilipanda, na sababu yake ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Ukungu wa mto umetukalia siku ya nne leo. Pilipili hoho nilichoma kilo thelathini, na chupa zako za lyutenitsa, ile rojo ya pilipili uipendayo, nimeziweka kando hadi apatikane msafiri.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Isome peke yako, kisha uikunje. Usitie neno lake hata moja kwenye lile kundi la ukoo, ambako jino la Asen liling'oka asubuhi na kufikia mchana watu sabini wametoa pongezi. Utaona kwa nini.

Ni habari ya nyumba ya mama. Arubaini yake ilipopita, na baadaye miezi sita, nilipaka kuta rangi, nikabadilisha bomba la jikoni, na Ijumaa tarehe 20 Oktoba nikaweka tangazo la kuipangisha kama tulivyokubaliana. Masharti yako niliyashika: kila anayeuliza aseme ni nani, anafanya kazi gani, watakaa wangapi, na anataka kuhamia lini. Asiyejibu yote manne aachwe. Ulisema hivyo, nami nikaona una akili.

Kufikia Jumapili nilikuwa na jumbe arobaini na tatu. Wa kwanza alikuwa na neno moja tu, "Bei?", na bei imeandikwa juu kabisa ya tangazo. Mwingine alidai yuko peke yake, kisha akauliza kama sebuleni vitaenea vitanda vinne. Mmoja alikuwa tayari kutuma pesa bila kuiona nyumba, ila kwanza nimpe namba za kadi yangu ya benki. Kijana mmoja nilipomrudishia maswali yako manne alinijibu, "Mama, unapangisha nyumba au unatafuta mkwe?" Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikamfuta.

Unajua nilivyokaa miaka ishirini na sita kwenye kaunta ya telegramu. Watu walinilipa kwa neno, nami nikajiona najua kumsoma mtu katika maneno sita. Kiburi hicho, Ognyan, kidogo kimuue mtu.

Jumapili asubuhi aliandika mwanamke. Naukumbuka ujumbe wake wote: "Habari za leo. Mimi na mtoto. Naweza kuja kuona saa tano asubuhi tu. Naomba usinipigie, uniandikie." Hakutaja jina wala kazi. Nilimrudishia maswali. Alijibu kwamba anaitwa Ralitsa, na kwamba kazi ataanza wiki ijayo kwenye kiwanda cha kushona. Kisha na yeye akaniuliza mawili: mlango una kufuli ngapi, na je, ni lazima jina la mpangaji liandikwe kwenye kengele ya chini?

Nilihisi harufu mbaya. Nikajisemea, huyu amekimbia watu wanaomdai, au ameiba mtoto wa mtu. Nilikuwa nimeshaweka kidole nimfute. Sijui kilichonizuia. Labda ni lile neno "naomba", maana katika watu arobaini na tatu waliosema naomba hawafiki watano. Nikampa Jumanne saa tano.

Mchana wa siku hiyo hiyo akaja wa kwako. Namwita wa kwako kwa sababu kama ungekuwa hapa ungemkabidhi funguo bila kumwona. Plamen Gochev, miaka thelathini na minane, injinia wa mitambo, atakaa peke yake, havuti sigara, hana mbwa, ataingia mwanzo wa mwezi, barua ya mwajiri ipo. Alijibu maswali manne kabla sijayauliza, na akamalizia kwa kunipa pole ya msiba, kwa kuwa niliandika kwenye tangazo kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu mama. Machozi yalinilenga. Nikamwandikia siku ile ile: aje Jumatano saa sita, na nikampa anwani kamili, jengo, mlango na ghorofa.

Jumatatu akaandika tena. "Samahani mama, swali dogo tu. Kuna mwanamke mwenye binti wa miaka sita ameulizia nyumba hii? Ni dada yangu. Tungependa kukaa karibu karibu."

Nilianza kumjibu. Nilikuwa nimeshaandika, "Ndiyo, anakuja kesho," na kidole kiko juu ya kitufe. Ndipo nikajiuliza: kaka anayetaka kukaa karibu na dada yake, kwa nini asimuulize dada mwenyewe? Nikayafuta maneno yale herufi kwa herufi, kana kwamba yeye anaweza kuyasikia yakitoka. Nikamwandikia kwamba wanaoulizia ni wengi na siwakumbuki.

Hapo ndipo nilipokosea tena. Nilipaswa kumwambia yule mwanamke palepale. Lakini nilikuwa bado simwamini hata yeye. Nilifikiri, nani ajuaye, pengine mwenye haki ni yule mwanamume, na mtoto ni wake. Nililala nikigeuka upande huu na ule, na asubuhi ndiyo presha ilipopanda.

Jumanne saa tano kamili walifika. Ni mwembamba, ana miaka thelathini na kidogo, na koti la majira yasiyo ya baridi hii. Binti yake alikuwa na skuta ya kusukuma kwa mguu, ya rangi ya waridi, tukaiacha chini penye masanduku ya barua. Huyo mtoto hakugusa kitu, Ognyan. Mtoto wa miaka sita katika nyumba tupu yenye korido ndefu vile, na hakukimbia hata hatua moja. Mama yake hakutazama jiko wala bafu. Alifungua na kufunga kufuli za mlango, mara tatu, kisha akaenda dirishani akatazama barabara.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwonyesha ule ujumbe wa Jumatatu.

Aliusoma, akanirudishia simu taratibu. "Mimi sina kaka," alisema. "Umempa anwani?"

Kabla sijamjibu, kengele ya chini ililia.

Nilibonyeza, na sauti ikatoka ukutani, laini kabisa: "Mama Veneta? Ni mimi Plamen. Nilikuwa napita tu, nikaona nije leo badala ya kesho. Nimekuletea maua."

Sijawahi kuona mtu akiishiwa damu usoni namna ile. Na mtoto, bila kuambiwa neno, alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia bafuni na kukaa nyuma ya mlango. Alijua la kufanya kama mimi na wewe tulivyojua kunawa mikono kabla ya kula. Nilipoona hivyo, mashaka yangu yote juu ya mama yake yaliisha.

Nilimwambia Ralitsa ajifungie kufuli zote mbili na asinifungulie hata mimi mpaka niseme jina lake. Akanong'ona kwamba ana amri ya mahakama ya kumzuia huyo mtu, aliyekuwa mume wake, asimkaribie, na anayo namba ya askari anayeshughulikia. Nikamwambia piga. Nikashuka. Ghorofa tatu za ngazi, na sikuwa hata na uongo mmoja ulioiva.

Nilimkuta ameshaingia, kuna mtu alitoka akaacha mlango wazi. Ni mtanashati, ndevu zimechongwa, mkononi ana maua meupe. Alinibusu mkono. Nikamwambia samahani, nyumba imeshachukuliwa, mpwa wangu anatoka jeshini. Akasema si kitu, lakini apande tu aione, labda mpwa atabadili nia. Nikasema funguo sina. Akatabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye ile skuta.

"Ya nani hii, mama?" aliuliza, na sauti haikuwa laini tena.

"Ya mjukuu wa jirani," nikasema.

"Jirani yupi?"

Na hapo hapo, Ognyan, mlango wa nje ukasukumwa akaingia Bi Sabka wa ghorofa ya pili na mkoba wake wa kabichi. Sabka ambaye hakumsalimu mama miaka kumi na miwili, tangu maji ya bafu yetu yalipovuja kwenye dari lake. Hata mazikoni hakuja. Na kila mtu anajua wajukuu wake ni wanaume wawili wenye masharubu. Yule mwanamume akamgeukia kwa heshima zote, akamuuliza kama skuta ile ni ya mjukuu wake.

Sabka alimtazama yeye, akanitazama mimi. Sikuthubutu hata kupepesa macho. Akatua kabichi chini.

"Ni ya mjukuu wangu," alisema. "Nawe kijana una umri gani hata unataka kuipanda? Mtu mzima na maua yako, unahesabu vitu vya watoto kwenye milango ya watu. Toka hapa kabla sijakuitia jengo zima."

Na akaanza kweli kuliita jengo zima, kwa lile koo lake unalolijua. Milango ikafunguka juu. Yule mwanamume alirudi nyuma hatua moja, akaweka maua juu ya masanduku ya barua, vizuri kabisa, kama mtu anayepamba kaburi, akatoka. Hakwenda mbali. Aliingia kwenye gari ng'ambo ya barabara akakaa, akitazama madirisha yetu. Mimi na Sabka tulisimama nyuma ya kioo cha mlango dakika thelathini na tano. Halafu askari wawili wakaja, wakaongea naye dirishani, wakaandika, naye akaondoka akiwafuata.

Nilipopanda na kulitaja jina la Ralitsa, alifungua. Nikamwambia ameshaenda, na nyumba ni yake kama anaitaka, wala asijali mambo ya kazi. Akanishika mikono yote miwili.

"Nyumba ni nzuri, mama," alisema. "Lakini anaijua sasa."

Hakulaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Mwanamke huyo alifanya kila kitu kwa hadhari, hakuandika neno la ziada, na mimi, mjuzi wa kusoma watu, nilimpa mwindaji anwani kwa sababu aliandika vizuri. Kilichonitia shaka kwake kilikuwa hofu, na kilichonipendeza kwa yule kilikuwa mazoezi. Alikuwa akituma ujumbe ule ule kwa kila tangazo la mji huu; askari walituambia baadaye.

Sasa sikiliza, na usikasirike hadi umalize kusoma. Hawakuwa na pa kwenda. Sabka alimpigia mwanawe mwenye gari la mkate, akaliegesha upande wa nyuma, tukawapitisha kwenye ghala la chini katikati ya mapipa ya kabichi. Nimewapeleka kwenye ile nyumba yako uliyoiacha tupu huku. Siiandiki iko wapi. Ni ile uliyovunjia jino kwenye ngazi. Nimewapa funguo, kuni, na godoro la mama. Kazi ya kiwandani Ralitsa ameikosa, lakini ameshaanza kuwashonea majirani mapazia. Nilikwenda Jumapili iliyopita. Mtoto anaitwa Bilyana. Amenionyesha paka wa jirani na kuniambia majina matatu aliyompa.

Nyumba ni yako, si yangu, na nimeigawa bila ruhusa. Ukikataa, nitawaleta hapa kwangu, nami nitalala sebuleni. Jambo hilo nimeshaamua na usijaribu kunibadili. Ila naomba usikatae. Nijibu kwa barua, na hata ndani ya barua usitaje mahali.

Kesi ya yule mtu kuvunja amri ya mahakama itasikilizwa Desemba 12. Nimechapisha jumbe zake zote kwenye karatasi na nimeitwa shahidi. Wakili wake ameshanipigia simu, mpole sana, kuniuliza kama mama wa umri wangu hasumbuliwi na kumbukumbu. Naogopa, mdogo wangu, sikufichi. Mtu yule anaijua nyumba ya mama, na kutoka pale hadi kwangu ni hatua chache. Usiku nasikiliza lifti. Lakini Sabka amesema atanisindikiza mahakamani, na ameshanunua viatu vya siku hiyo.

Tangazo nimelitoa. Nyumba ya mama itakaa tupu hadi kesi iishe, na kama ni hasara, ikate kwenye sehemu yangu.

Nisalimie Iskra, mwambie mapishi ya biringanya aliyoniomba nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Mbusu Asen kwenye pengo lake. Msalimie na binamu yetu Tsonko mkikutana kanisani. Hata yeye usimwambie.

Mungu akufungulie kila barabara unayopita na akurudishe kila mara kwa wanaokusubiri.

Ni mimi dada yako wa pekee, nikupendaye hata unaponikasirikia,

Veneta