Sindano Haikukwama

Dubuque, 9 Machi

Dada yangu Lorraine,

Theluji inayeyuka huku, na yule paka uliyeniachia bado anakula kunishinda. Nakuandikia kwa sababu gazeti litachapisha jambo ambalo ulistahili kulisikia kwangu kwanza.

Jana nilikwenda mbele ya kamati ya bunge la jimbo kuutetea mswada wa kuzuia kampuni za bima zisitutwishe gharama kubwa za sindano za dharura za mzio. Nilisimulia jinsi Hattie wako alivyokula biskuti ya karanga nyumbani kwangu, uso ukamvimba. Mbunge mmoja akauliza, "Ulikuwa na sindano, mama?"

"Ndiyo. Yangu ya mzio wa nyuki, mkobani."

"Ukamchoma papo hapo?"

Dada, nilikuambia sindano ilikwama. Haikukwama. Ilikuwa moja tu, na kununua nyingine kungenigharimu zaidi ya kodi ya nyumba. Nikampa maji, nikitumaini uvimbe utashuka. Mwanao akaning'ang'ania mkono. "Mama mdogo, koo linabana."

"Tulia, mpenzi, itapita."

Midomo ilipobadilika rangi ndipo nikamchoma.

"Nilingoja dakika kumi na moja," nikamjibu mbunge.

Kamati imeupitisha mswada. Watu walinikumbatia kwenye ngazi wakaniita jasiri, nami nikashindwa kuwatazama usoni. Nilikumbuka ulivyonishukuru hospitalini huku ukilia, na mimi nikazipokea shukrani zile.

Pasaka sitakuja mpaka uniite mwenyewe. Hattie akiuliza sababu, msomee barua hii yote.

Mdogo wako,
Gwen