Usikuse, Narudi: Kwa Baba, Fundi Nicholas Kipruto wa Boito

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipotoka hapa Boito asubuhi kwenda Kericho kutafuta nyaya, na nyumbani ukaletwa na watu. Moyo wako ulisimama ukiwa dukani, mkono juu ya bunda la waya ulilokuwa umelichagua. Mureithi, fundi mwenzako wa miaka mingi, ndiye aliyekudaka usianguke, na ndiye aliyempigia Mama simu.

Tunakuandikia sisi wanao, Nelvine na Kiplangat, lakini habari nyingi humu ni za Mama, kwa sababu mwaka huu ameuishi yeye. Sisi tulizika, tukarudi makazini. Mama, Rodah wako, alibaki na nyumba.

Watu wa huku bado wanakutaja kila stima inapocheza. Wanakumbuka ulivyokuwa ukivua saa ya mkononi kabla ya kufungua boksi ya mtu, na chai hukuonja mpaka kazi iishe. Kwa jirani yetu Jerusa ulikuta friji, televisheni, pasi na chaja za simu zote zimening'inia kwenye soketi moja, ukamwuliza hiyo soketi imeoa wake wangapi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha ukamwonyesha kipande cha waya ambacho mtu alikuwa amekiweka mahali pa fyuzi, na kicheko kikaisha. Ulimwambia fyuzi ikikatika huwa imekuokoa, na anayeweka waya hapo amemfunga mbwa wake mdomo.

Nyumba za zamani ndizo ulizozipenda kuliko zote, zile za mbao ambazo nyaya zake zimekauka ngozi, ukizigusa zinamomonyoka kama ugali wa jana. Ila nyumba yako mwenyewe, aliyoijenga Babu na kuwekewa stima kabla hatujazaliwa, ilikaa mwisho wa foleni. Mama alikuwa akikutania kwamba ameolewa na fundi miaka thelathini na bado analala chini ya nyaya mbovu kuliko zote huku Konoin.

Mwishowe ukaanza. Uling'oa nyaya za sebuleni na chumbani, ukazima swichi zake, ukaacha jikoni peke yake kukiwaka. Asubuhi ya safari ulibandika utepe mweupe kwenye mfuniko wa boksi ya stima, ukaandika kwa kalamu nene: USIKUSE. NARUDI. Ndivyo ulivyoandika siku zote, kama ulivyotamka, usiguse ikawa usikuse. Boksi za wateja wako mpaka leo zina CHIKONI na CHUMPA. Tulipokucheka ulisema stima haijasoma shule.

Mama aliutii utepe ule. Nelvine alimsihi kwa simu, mara nyingi, amwite Mureithi amalizie, na kila mara alijibu kwamba mwenye kazi ameshasema anarudi. Alijua hutarudi, Baba. Alikuzika akiona. Lakini hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya mkono wako, na hakutaka mkono mwingine upite juu yake. Akawa anapika kwa taa ya jikoni, halafu anaingia chumbani na tochi, goti lake bovu likigonga kitanda. Tuliihofia nyumba ile. Nyaya za jikoni zilikuwa zile zile za Babu, bila hata chuma cha kuzikwa ardhini ili stima ikipotea njia ipate pa kwenda. Upweke wake tuliuhofia pia, ila huo hatukumjua fundi wake.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, alirudi kutoka kuchuma chai akakutana na harufu ya mpira unaoungua. Soketi ya jikoni, ile ya birika, ilikuwa imebadilika rangi na inatoa moshi. Ulimfundisha wewe mwenyewe: ukisikia harufu hiyo usimwage maji, usichomoe kitu, kimbia ukazime swichi kuu. Na swichi kuu iko chini ya mfuniko uliobandikwa utepe. Amri zako mbili zikakutana, na mke wako akasimama katikati, kikapu kikiwa bado mgongoni.

"Baba Nelvine, nisamehe," alisema. "Nakusa."

Akavuta mfuniko. Utepe ukakatika, swichi ikashuka, na moshi ukapungua kidogo kidogo mpaka ukaisha. Jerusa alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nje akilia kuliko siku ya mazishi, kipande chenye neno NARUDI kimemganda vidoleni.

Safari hii Mama mwenyewe alimwita Mureithi, naye akaja na bunda lile lile la waya ulilolichagua Kericho. Alikuwa amelihifadhi kwake mwaka mzima akiogopa kulitaja. Siku ya pili alichungulia kutoka darini, akasema, "Mama, ya chumbani Nicholas alimaliza zamani, alibakisha kuunganisha tu. Lakini kuna waya ingine imeshuka kwa ukuta hadi kwa kitanda, upande wa dirisha. Hii ilikuwa ya nini?"

Upande wa dirisha ni wake. Aliwahi kukulalamikia, mara moja tu, kwamba kwa goti hili kuamka kutafuta swichi mlangoni ni safari nzima. Siku hiyo hukumjibu kitu, na yeye alidhani hukusikia.

"Ni yangu," Mama alimwambia. "Weka swichi hapo."

Sasa nyumba yako imekaa sawa. Soketi ni mpya, chuma kimezikwa nyuma ya jikoni, na boksi inajizima yenyewe stima ikivuja. Mureithi alipotaka kuandika JIKONI, Mama alimsimamia mpaka akaandika CHIKONI.

Nelvine alipompigia kumpongeza, Mama alimshukuru. Kisha akaeleza kwamba tochi ilikuwa inamwonyesha mahali pa kukanyaga tu, na akishaizima alilala akijiambia uko upande wako. "Sasa nawasha naona hakuna mtu," alisema. Hata hivyo taa hiyo anaiwasha kila jioni, kwa sababu ni wewe uliyemwekea.

Unakumbukwa na mkeo Rodah, wanao Nelvine Chepkemboi na Kiplangat, ndugu yako Robert, jirani yako Jerusa, na rafiki yako Mureithi ambaye bado anavua saa kabla ya kufungua boksi, kama wewe.

Kazi uliyoiacha imekwisha, Baba, kwa hiyo hatudai tena kwamba urudi. Kukukumbuka ndiko kusiko na mwisho.