Bafu la Mama Nimelivunja Mimi

Nyumbani kwa Mama,
Mokpo, Korea Kusini.
20 Februari, 2013.

Mpendwa kaka Ki-beom,

Hujambo? Wifi Suk-ja hajambo? Han-byeol je, masomo yanakwenda? Najua huko Sao Paulo sasa ni kiangazi na mnalalamikia joto. Sisi huku baridi inauma mpaka kwenye mifupa, lakini tu wazima. Nakujulia hali kwa moyo mkunjufu, tena kweli, kwa sababu nikitoka hapa sina la upole tena.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, "Yun-deok, punguza jazba," halafu mara mteja kaingia dukani. Karatasi haina wateja. Kaa usome mpaka mwisho.

Nilikuja kwa Mama kabla ya Mwaka Mpya wetu wa jadi, mwezi huu, kumsaidia kupika. Nikaingia bafuni kunawa, nikafungua koki. Ikakohoa, ikatema maji mekundu kama chai ya rangi, ikanyamaza. Chini ya sinki lipu imevimba na kumeguka, maji yanachuruzika ukutani, na sakafuni yameganda barafu. Nikamuuliza Mama anaoga wapi. "Naoga tu," akasema. Unajua anavyosema.

Anaoga jikoni, kaka. Anachota maji kwa ndoo kwenye bomba la uani, anachemsha kwa birika, kisha anachuchumaa ndani ya lile beseni jekundu la kulowekea kabichi za kimchi. Ile nyumba ya kuogea ya mtaani, tulikosuguliwa migongo mpaka tukalia, imeshafungwa. Na Mama ana miaka sabini na nane.

Nikamwambia, "Basi leo nakusugua mgongo mimi." Akakataa. Akasema ana mafua, akasema supu itaungua, akasema mikono yangu migumu kama ya marehemu baba. Nilipomvua sweta kwa nguvu, kama mtoto, nikaona. Kuanzia ubavuni kushuka nyongani ni zambarau na njano tupu. Aliteleza kwenye ile barafu, akajiinua mwenyewe, wala hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukuita fundi?"

"Kaka yako kasema tusiguse kitu. Nyumba itabomolewa, wajenge maghorofa."

"Kasema lini?"

"Walipokuja na mtoto ule mwaka."

Ule mwaka, kaka! Han-byeol alikuwa hajaota meno, na leo nikiangalia picha mlizotuma naona ana ndevu. Hao wenye maghorofa hawajaleta hata tofali moja.

Nilikupigia siku ileile. Unakumbuka ulivyonijibu? "Bomba lizungushie utepe. Usivunje ukuta wa nyumba inayokwenda kubomolewa, huo ni upuuzi." Utepe! Bomba lenyewe ukilibonyeza kwa kidole gumba kinazama kama kwenye boga lililooza. Habari ya kuanguka sikukwambia kwa sababu Mama alikuwa amesimama mbele yangu, ananisihi kwa macho. Sasa nakwambia.

Sikukuu zilipokwisha nikamleta fundi bomba, Bwana Pyo. Akatazama, akasema mabomba yote ya chuma yang'olewe, yawekwe ya plastiki na kufunikwa yasigande. Mama akasimama mlangoni pa bafu, ameshika miimo pande zote mbili.

"Fundi, rudi nyumbani. Mwanangu hajaruhusu."

"Mama, huyo mwanao anaoga humu?" fundi akauliza.

"Yuko Brazili."

"Basi anaoga Brazili. Nipishe, mama yangu."

Mama hakucheka, wala hakupisha. Akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Yun-deok, akikasirika hatapiga simu tena Jumapili."

Kaka, soma tena hayo maneno. Mama yako anakuogopa. Anaishi kama mpangaji anayemhofu mwenye nyumba, na nyumba ni yake! Anaoga kwenye beseni ili usikasirike. Hivi kweli unalala usingizi huko?

Nikachukua nyundo ya fundi, nikapenya chini ya kwapa la Mama, nikapiga vigae. Cha kwanza, cha pili, vipande vikaruka mpaka ukumbini.

"We mtoto umepata wazimu!"

"Mwambie ni mimi niliyevunja! Wewe ulikataza, na fundi ni shahidi!"

Bwana Pyo akasema hajawahi kuona mteja anayemtangulia kazini, na kwamba upande niliokuwa navunja hauna bomba.

Mabomba ya zamani yalipotoka, ndani yamejaa kutu, tundu limebaki hata penseli haipiti. Mama akaokota kipande, akakichungulia kama darubini, akakitupa. "Na haya ndiyo maji niliyokuwa nasukutulia," akasema. Baadaye akamletea fundi supu, na kabla hajaimaliza akaanza kumwamuru: koki iwe juu zaidi, mgongo wake hauinami, na ukutani kuwe na chuma cha kushika. Miaka yote hiyo alikuwa anajua anachotaka. Hakuna aliyemuuliza.

Maji yalipotoka nikamsugua mgongo taratibu, nikikwepa palipoumia. Akainamisha kichwa nimsugue na shingo. Halafu akasema, "Usimwambie kaka yako." Ndiyo maana nakwambia.

Jumapili ukipiga simu, habari za mabomba usiulize. Mwambie Mama nyumba ni yake, avunje, ajenge, apake rangi aitakayo. Umwambie pia kwamba hata akikuudhi, Jumapili inayofuata utapiga. Ukishindwa kusema hayo, mimi usinitafute.

Wasalimie wifi Suk-ja na Han-byeol. Mume wangu Dong-chan anawasalimu sana. Afya iwakae nyote, na duka lenu lizidi kustawi.

Mama amepita hapa akauliza namwandikia nani. Nikasema, "Kaka." Nilidhani ataninyang'anya kalamu. Akasimama kidogo, nywele bado zinafuka mvuke, akasema, "Mwambie maji ni ya moto."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata hasira zikinijaa,
Yun-deok