Dereva wa Kreni Hapati Choo

Binti yangu ndiye atakayepandisha tangi la maji juu ya lile jengo jipya! Yeye, si mwanamume yeyote, yeye niliyemzaa mwenyewe! Haya, salamu sasa: mpendwa mshauri, hujambo, naomba msaada na usinicheke, maana kitumbua changu kimeingia mchanga. Mwanangu anaendesha kreni, ile mashine yenye shingo ndefu ya kunyanyua mizigo kwenye ujenzi, cheti anacho, nimekitundika sebuleni hata msoma mita ya umeme lazima akione, na msimamizi amemchagua yeye afunge kazi kwa tangi hilo mbele ya familia zote za wafanyakazi, nami gauni nimeshashona, lakini mtoto hapati choo tangu wiki iliyopita, tumbo gumu kama ngoma, anakaa humo chooni mpaka baba yake anagonga, "Wewe, umehamia?" na akitoka, wapi, hakuna kitu. Namkaangia nyama, mayai, mkate mweupe, apate nguvu, ndiyo kwanza linafunga. Jana kaniambia, "Mama, nikikaa kwenye kile kiti tumbo linanikata. Nitamwachia mwenzangu." Amwachie nani? Labda niwe nimekufa! Shangazi yake kaleta dawa kali ya kuharisha: "Wifi, mpe usiku wa kuamkia siku yenyewe, ataamka mwepesi kama unyoya." Nimpe?

Mama Mwenye Kreni

Jibu

Mama, hongera, na hiyo dawa iweke chini sasa hivi! Umefikiria lakini? Mtoto yuko juu, tangi linaning'inia, watu wamekodoa macho, mara tumbo linaita, na ngazi ya kushukia haina mwisho! Wifi yako ana nia njema, ila aibu hiyo ingesimuliwa mpaka kwa vitukuu.

Umeniandikia nyama, mayai na mkate. Tone la maji sijaliona, wala jani la mboga. Mkalishe umuulize. Nahisi huko juu hanywi maji ili asishuke, na haja ikimjia anaibana. Choo kikibanwa hukauka, kikikauka hakitoki. Apande na chupa ya maji, na akisikia haja ashuke, kazi itamsubiri. Wewe punguza kikaango. Mpe maharage, mboga za majani, papai lililoiva, mkate wa unga usiokobolewa, tena kidogo kidogo, usije ukaijaza nyumba upepo. Asubuhi anywe kitu cha moto, atembee, kisha aketi chooni bila haraka, miguu juu ya kigoda, na baba mtu asimgongee! Akiona damu, akitapika, au maumivu yakizidi, mpeleke hospitali, usiniandikie mimi.

Mama ameturudia

Mshauri, mambo yamefunguka! Nilipomuuliza alicheka na kulia pamoja: kumbe wanaume wa pale chini wakimwona anashuka huimba, "Malkia anashuka!" ndiyo maana akajibana. Nikamwambia, malkia gani asiyekwenda haja? Sasa anashuka huku anawapungia mkono. Papai kala mpaka muuza matunda ananiita mkwe. Leo asubuhi nimemsikia anaimba humo chooni, nikapiga vigelegele, jirani akadhani tumeletewa posa! Tangi ni lake, hamwachii mtu. Njooni wote, mlango wa nyuma wa jengo, na akishuka kidogo katikati ya kazi, mpigieni makofi. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.