Damu Imenichongea

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada mwenye mdogo mmoja tu duniani. U hali gani wewe, na wifi yangu, na wale wanangu ambao najua wamerefuka mpaka suruali nilizowashonea zimekuwa kaptula? Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Binti yangu anakusalimu, ananisumbua kama kawaida yake, na cherehani bado zinalia.

Hicho kiasi chetu ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha.

Unajua chumba changu cha kushonea kiko ghorofa ya pili. Mwaka huu ngazi zile zimenishinda, ila sikumwambia mtu. Nikifika katikati husimama kuwagombeza watoto wa jirani, na wasipokuwepo hukagua pindo la gauni langu mwenyewe. Nikahamishia meza ya kukatia vitambaa karibu na mlango, nikasema nafuata mwanga. Mafundi wangu wakakubali. Nani atabishana na mtu anayeitwa Sindano? Binti yangu tu ndiye aliyenitazama kwa jicho la pembeni. Akanipeleka hospitali kwa hila, akidai mgonjwa ni yeye.

Daktari wa moyo, mwanamke mpole wa rika la binti yangu, alinipaka mafuta baridi kifuani akautazama moyo wangu kwenye mashine. Alinieleza kuwa vali inayotoa damu moyoni kwenda mwilini imekakamaa na imebana sana. Nikamuuliza kama ni sawa na tundu la kifungo lililoshonwa likawa dogo. Akasema ndivyo hasa, na kifungo kinalazimishwa kupita hapo kila sekunde. Hata hivyo moyo wenyewe bado unasukuma vizuri. Akauliza kama napungukiwa pumzi. Nikasema sijambo. Kifua je, kinabana? Sijambo. Kizunguzungu? Nikamwambia labda nikiiona mishono ya wanagenzi wangu. Alicheka, lakini hakuniruhusu kuondoka mpaka nitoe damu.

Tuliporudi kwa majibu alisema moyo ukizidiwa na kuvutika humwaga kemikali fulani kwenye damu, na yangu ilikuwa mara kadhaa zaidi ya inavyotakiwa kwa mwanamke wa umri wangu. Akaongeza, kwa adabu kabisa, kwamba mdomo wangu unasema sijambo na damu yangu inasema hoi, na kati ya hao wawili yeye anaiamini damu. Binti yangu naye hakukosa la kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilinuna siku nzima. Kuchongewa na majirani nimezoea, lakini si na damu yangu mwenyewe.

Kwa ufupi, nimekubali. Nitapasuliwa Alhamisi ijayo, wanibadilishie vali kabla moyo haujachoka kabisa. Daktari anasema tumewahi.

Sasa sikiliza lililonileta hasa. Vali hiyo kwa watu wengi ina vipande vitatu. Yangu ina viwili, tangu tumboni mwa Mama. Daktari akauliza habari za wazazi, nikamsimulia jinsi Baba alivyoanguka akisukuma baiskeli kupanda kilima, na jinsi watu walivyosema ni uchovu tu, kwa kuwa hakuwahi kulalamika hata siku moja. Aliacha kuandika, akauliza kama nina ndugu. Jambo hili, alisema, mara nyingine hutembea katika ukoo.

Nikajibu ninaye mmoja, mzima wa afya. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikalia. Nilikumbuka ulipotutembelea mara ya mwisho. Tulikuwa tunapanda njia ya kuja nyumbani, wifi na binti yangu wako mbele. Ulisimama, ukainama, ukasema unafunga kamba za viatu. Nami nikafurahi, maana nilikuwa natafuta pumzi. Tukakaa pale kitambo tukiusifia ukuta wa jirani, ukuta ambao haujapakwa rangi tangu ujengwe. Mdogo wangu, viatu vyako siku ile havikuwa na kamba.

Niliona nikanyamaza, kwa sababu kukusema wewe kungekuwa kujisema mimi. Leo nasema. Nenda ukapimwe moyo kwa mashine, na damu utoe. Hakuna maumivu ya maana. Mafuta yale ni baridi tu. Nisiposikia kwamba umekwenda kabla ya Alhamisi, nitampigia wifi, naye unamjua.

Naogopa kupasuliwa kifua, sikufichi. Hilo nitalimudu. Nisiloweza ni kuzinduka nikiwa na vali mpya, na mdogo sina.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Wifi mpe salamu, barua usimwonyeshe bado.

Akupendaye na kukungoja,
Dada yako, Sindano