Jiwe Lililosagwa Uyole

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Jenereta ya chuo imegoma mara tatu, ya nne ikawaka. Moshi tumeupitisha kwenye bomba lenye unga wa jiwe la volkano uliolowekwa kwenye maji yenye shaba, pamoja na mvuke wa urea, urea ileile ya kukuzia mahindi. Mita ya kupimia moshi imeshuka vizuri. Oksidi za nitrojeni, sumu inayowasha kifua, karibu zote zimegeuka hewa ya kawaida. Dokta Sekela, mkuu wa mradi, amecheka. Mara ya kwanza mwaka huu. Ijumaa ya wiki ijayo tunapeleka matokeo Iringa, kwenye hospitali ambayo jenereta yake inapuliza moshi madirishani mwa wodi. Wakikubali, mradi unaendelea, na mimi fundi wa maabara naendelea nao. Wasipokubali, mkataba wangu unaisha tarehe thelathini mwezi huu.

Jumanne, 4 Juni
Dokta kataka jiwe tupu nalo lipimwe, lisilo na shaba, ionekane kuwa kazi inafanywa na shaba. Mita imeshuka tena. Si kama jana, lakini imeshuka. Haitakiwi. Nimemwambia mita imechoka, nitaisafisha.

Alhamisi, 6 Juni
Mita ni nzima. Jiwe ndilo. Na sababu nadhani naijua.
Kinu cha maabara kiliungua Februari, mikononi mwangu. Niliona aibu kusema. Nikabeba mawe hadi Uyole kwa Baba Tusa, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Akanisagia wateja walipokwisha. Kwenye daftari la maabara nikaandika: limesagwa kwa kinu cha maabara. Dokta hajui mpaka leo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepitisha sumaku juu ya unga wa jiwe tupu. Imetoka na ndevu nyeusi. Chuma.

Jumamosi, 8 Juni
Uyole. Baba Tusa kanionyesha nyundo za mashine yake, vile vyuma vinavyoponda mahindi ndani. Mpya ni nene kama kidole. Iliyochoka ni kama biskuti. Nikamuuliza chuma kilichopungua kimekwenda wapi.
"Si tumekula, kaka. We unafikiri ugali wa hapa unashibisha bure?"
Kacheka. Mimi sikucheka. Chuma kimeingia kwenye jiwe, kimechomwa nalo tanurini, sasa kinafanya kazi tuliyoisifia shaba. Na jiwe la shaba lilisagwa hapohapo. Shaba yenyewe imefanya nini, hakuna anayejua.

Jumatatu, 10 Juni
Sijasema. Dokta anachora grafu za Iringa. Kaniuliza habari za mita, nikasema bado naisafisha. Nimejichukia kutwa nzima.

Jumatano, 12 Juni
Nimesema. Nimemwekea mezani sumaku, nyundo iliyochoka, na daftari likiwa wazi penye uongo wangu. Hakufoka. Afadhali angefoka.
"Kaka Ambokile, nilikuwa naenda kuwaambia watu wenye wagonjwa kitu nisichokijua."
Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Ijumaa, 14 Juni
Kaenda Iringa peke yake.

Jumatatu, 17 Juni
Karudi. Kawaeleza yote, hata mashine ya mahindi. Hawajakubali, hawajakataa. Wanataka vipimo virudiwe kwa jiwe safi. Mkataba wangu hakuutaja. Sikuuliza. Naogopa.

Jumamosi, 22 Juni
Kinu bado kibovu. Mke wangu kanitolea jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lilikuwa linazuia mlango wa jiko. Jiwe juu ya jiwe, chuma hakuna. Nimesaga uani tangu asubuhi, magoti chini. Majirani wanauliza kama mashine zote za Uyole zimekufa. Kopo moja tu. Nimepitisha sumaku. Imetoka tupu.

Ijumaa, 28 Juni
Jiwe nililosaga kwa mkono limepimwa. Mita haikusogea. Jiwe tupu limekuwa jiwe tupu.
Nimekata mstari wangu wa Februari daftarini. Chini yake nimeandika: limesagwa kwa mashine ya mahindi, Uyole. Jina, sahihi. Dokta kasoma, katia sahihi yake pembeni.
Nikainama kubeba jiwe la mama mkwe, nililokuja nalo kumwonyesha, nilirudishe nyumbani. Dokta kasema niliache, Jumatatu tunasaga la shaba.
Jumatatu ni tarehe mosi.